Winga ya Kushoto

Pande, Kilwa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta salama huko Lindi kwa dada Mwanasha, na kwamba goti limekupa nafuu. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mikorosho imetoa maua na nyumba nzima inanukia. Ningeweza kupiga simu, lakini nikisikia sauti yako nitababaika, na leo lazima nimalize.

Ijumaa ulitimia mwaka tangu kaka Haruna aletwe nyumbani amefunikwa bendera. Asubuhi tulisoma hitima, watu wakajaa mpaka uani. Alasiri, mama, mpira ukachezwa.

Nakumbuka uliyosema uliponituma kwa vijana wa timu walioomba mechi ya kumkumbuka: kwamba mwanao hakufa mchezoni, na hutaki vigelegele siku yake. Hata mimi niliona ni utovu wa adabu, askari aliyekufa akilinda watu wa nchi ya mbali akumbukwe kwa kombe la bati. Lakini Boniface, yule askari mwenzake wa Kipatimu aliyesindikiza jeneza, alikuja na timu ya kwao. Alinieleza kwamba huko walikokuwa walicheza mchangani kila jioni, na Haruna aligombea mpira wa kurusha kana kwamba anagombea shamba. Nilicheka, kisha nikalia.

Tulicheza watu kumi. Winga ya kushoto, nafasi ya Haruna, tuliiacha wazi, na jezi yake haikuvaliwa. Manyunyu yalianguka huku jua linawaka, uwanja wote unameremeta, nami na kitambi changu hiki nikawa nakimbia kama niko ndotoni. Nikapata mpira katikati. Sikufikiri. Nikageukia kushoto, nikamwita Haruna kwa jina, nikampasia.

Boniface alikuwa karibu, angeweza kuuzuia. Akasogea, akaupisha. Mpira ukabingirika polepole kwenye nyasi mbichi mpaka ukatoka nje, na hata mwamuzi hakupuliza filimbi. Mama, tangu tumzike sikuwa nimelitamka jina lake kwa sauti. Kwa kitambo kile kidogo kaka alikuwepo, na nilifurahi.

Sasa nikiri. Ulinituma nikawaambie hapana. Nilipofika walinipa jezi yake niishike, nikawaambia umeridhia. Nilikusingizia. Siku ya mechi wakakushukuru mbele ya watu wote, nami nikainamisha kichwa kwa aibu.

Wanataka mechi hii iwe ya kila mwaka. Jana nilirudi nikawaeleza ukweli, na kwamba safari hii jibu litatoka kinywani mwako. Jezi nimeifunga pamoja na barua hii. Ukiridhia, njoo nayo. Ukiiweka sandukuni, mimi mwenyewe nitawaambia hapana, na mara hii nitalifikisha neno lako.

Msalimie dada na wanawe. Nisamehe, mama, na usiniache bila dua zako.

Mwanao,
Twalib