Kuku, Kitunga na Mama Mkwe

Jumatatu, 4 mwezi wa tano 1953

Nimepalilia maharage mpaka jua likawa kali, kisha nikarudi kwenye masomo. Kuku ndani ya kitunga: "in". Kuku juu ya kitunga: "on". Kuku chini ya kitunga: "under". Kuku amechoka. Mimi pia.

Mke wangu, Mama Rebeka, anasema kuku huyu hajataga tangu Kiingereza kiingie nyumbani. Nimemwambia avumilie. Hakucheka.

Jumatano, 6

Niandike ukweli, maana daftari hili nalisoma peke yangu. Kiingereza sijui. Nililima pamba Uganda miaka miwili, nikasikia Kiingereza cha msimamizi, na nusu yake ilikuwa matusi. Lakini Pasta alipouliza nani anajua lugha ya Mamuzeli, muuguzi mzungu anayekuja kutoka huko Uganda, mkono wangu ulipanda wenyewe.

Mamuzeli hajui Kiswahili wala Kifaransa. Anatafuta mkalimani wa kutembea naye kutoka hapa Kingi, kupita Kashebere, mpaka Buleusa. Mkalimani hashiki jembe. Habebi mzigo. Mgongo wangu umezeeka kabla yangu. Kazi hii naitaka kuliko kitu chochote.

Kuna Yosefu, muuza chumvi wa Kashebere. Anasema naye anajua. Mwongo kama mimi. Simpendi.

Jumamosi, 9

Nimegundua jambo. Jina la kitu unaonyesha kwa kidole, basi. Kazi iko kwenye haya maneno madogo yanayofunga kitu na kitu. Bila hayo kuku yuko huku, kitunga kiko kule, na hakuna habari yoyote.

"Between" nimelipata: kuku katikati ya vitunga viwili. "For" limenishinda. Kwenye karatasi zangu za Uganda niliandika maana yake, kwa ajili ya. Nimemzungusha kuku pande zote za kitunga. Hakuna upande wa "for". Nimelikata kwa kalamu. Neno baya.

Jumanne, 12

Aibu. Nilikuwa najifunza "behind" nyuma ya nyumba, kuku kwapani, natembea kinyumenyume. Mama mkwe alikuwa anapanda njia kuja kwetu.

Miaka tisa tangu nimuoe binti yake sijamtazama usoni. Ndiyo heshima yetu. Hatukalii mkeka mmoja, hatuli pamoja, hatusemezani. Akitokea njiani mimi naingia shambani mpaka apite. Leo shamba lilikuwa mbali, nikajitupa zizini kwa mbuzi. Yeye akajifunika kitambaa, akageukia migomba. Kuku akabaki katikati yetu. "Between", safi kabisa, na sikuweza kufurahi.

Mama Rebeka amecheka mpaka muhogo umeungua.

Jumamosi, 16

Mamuzeli amefika. Mrefu, ana kofia, anatembea haraka. Pasta ametangaza: kesho baada ya ibada atapiga picha ya waumini. Atakayetufasiria mahali pa kusimama ndiye atakayekwenda naye.

Mahali pa kusimama. Hayo ndiyo maneno pekee niliyo nayo. Nimempa kuku mahindi mawili zaidi.

Jumapili, 17

Nimeshindwa. Niandike kwa utaratibu.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Mamuzeli alisema, mimi nikapanga. Pasta mbele ya mlango. Mashemasi nyuma yake. Waimbaji chini ya mti. Watu walinitazama kama mtu mpya. Yosefu alikuwa ameuma midomo.

Halafu Mamuzeli akaleta benchi. Akamkalisha Mama Rebeka huku. Akamshika mkono bibi mmoja mwenye uso mzuri nisioujua, akamkalisha kule. Mama mkwe. Akanigeukia mimi, akasema polepole: wewe, kwenye benchi, "between".

Nilisikia kila neno. Katika maisha yangu yote Kiingereza hakijawahi kuniingia vizuri hivyo. Mama mkwe aliona mkono unaonyesha wapi, akavuta kitambaa mpaka kidevuni. Hakujua njia ya kumkatalia mgeni.

Nilitaka kueleza. Lakini maneno yangu yote ni ya kuku na kitunga. La mama mkwe sina hata moja. Nikasema: "No on. No between." Mamuzeli akarudia, kwa sauti kubwa zaidi. Nikatikisa kichwa kama mjinga.

Yosefu akapiga kelele: "Huyu hajue kitu. Iko anadanganya Pasta tu." Akaruka akakaa yeye, katikati, akiwa amekunja miguu. Picha ikapigwa. Mamuzeli akaandika jina lake.

Pasta hakuniaga. Mama Rebeka ana hasira nyingine: picha inakwenda Ulaya, na huko Yosefu ndiye mume wake.

Jumatatu, 18

Nimelima. Mgongo unauma. Wameondoka asubuhi, Yosefu mbele, mikono mitupu. Nina wivu mpaka tumboni.

Alhamisi, 21

Mvua kidogo asubuhi. Mama Rebeka ameenda kisimani. Nilikuwa ndani, nanoa jembe, nikasikia nyayo nyuma ya nyumba. Halafu sauti ya mama mkwe, upande wa pili wa ukuta:

"Mama Rebeka, ambia bwana yako: niliona mukono ya ule muzungu. Nilijua alisikia. Na Pasta nimemuambia."

Alijua vizuri kwamba Mama Rebeka hayupo. Lazima alipishana naye njiani, ndoo kichwani. Nikaweka jembe chini. Kisha nami nikauambia ukuta:

"Mama Rebeka, ambia mama: aksanti."

Nyayo zikashuka. Nilingoja mpaka zifike chini ya kilima, ndipo nikatoka. Pale nyuma kulikuwa na kitunga, kimefungwa kwa jani la mgomba. Ndani yake kuku mweupe, mchanga, wa kutaga.

Nimemwacha humo alimo. Nimeitafuta ile karatasi ya Uganda na kuliandika upya neno nililolikata, "for".