Kwa Mwende, Niliyemtoa Kwenye Watano wa Nyakati Zote

Dada yangu Mwende,

Nimekutoa kwenye kikosi. Nimeanza na hilo kwa sababu ningetanguliza salamu ungejua mara moja kwamba naficha kitu. Mama ni mzima, mvua imenyesha mara mbili, na wewe hauko tena katika watano bora wa nyakati zote wa shule yetu. Nilikuondoa mwenyewe Jumamosi asubuhi, na tangu hapo sijatulia. Natembea nikiongea peke yangu. Naiweka barua hii kwenye kundi la wanafunzi wa zamani, waisome wote, kwa sababu nilikutoa mbele ya watu na sitaki kukueleza kwa kujificha.

Ule uwanja wetu wa mpira wa kikapu wa Mutomo, wa vumbi na changarawe, umewekwa simiti. Ukuta ulio nyuma ya ringi umepakwa rangi nyeupe, na wanafunzi wa zamani wanataka majina matano yaandikwe pale: wasichana watano ambao, kama tungewarudisha wote kwenye siku zao nzuri, wangeanza mechi pamoja. Tulioteuliwa kuchagua tuko watatu. Mwalimu Kioko, aliyekuwa kocha wetu sote. Mama Syombua, ambaye ameuza mandazi langoni tangu kabla yetu na hajakosa mechi ya nyumbani. Na mimi, kwa kuwa sasa nafundisha hesabu pale, na kila mtu anajua nabeba vikosi kichwani.

Ugonjwa huo wa vikosi uliniambukiza wewe. Unakumbuka mtoni wakati wa kiangazi, tukichimba kwenye mchanga na kungoja maji yajae shimoni tone kwa tone? Nilikuwa darasa la sita, wewe umerudi likizo ya kidato cha kwanza na majina ya wasichana ambao sikuwahi kuwaona. Ulipanga mitungi mitano kwenye mchanga, kila mtungi mchezaji. "Haya, nani anamkaba Nduku?" Nikijibu ovyo, unaupiga mtungi teke. Siku moja nilijipanga mimi mwenyewe. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Wewe unautazama mpira kama mtu anayesoma. Ukimaliza ukurasa, wenzako wameshafunga." Nililia kidogo, kisha nikakubali. Hakuna aliyenieleza vizuri hivyo tangu siku hiyo.

Jumamosi, wanne wa kwanza walipatikana kabla chai haijapoa. Nduku chini ya ringi, hakuna aliyepinga. Ribaundi zote, mipira inayodunda kutoka ringini, zilikuwa zake hata za wapinzani. Mutheu na Kavata pembeni, kwa mbio na kwa ukali. Kwa Kamene, mfungaji wa mbali, Mwalimu alikunja uso. "Kamene hakuwa anakaba mtu. Hakabi hata mlango."

"Mtu anafunga hivyo, akabe ya nini?" Mama Syombua akamjibu. Kamene akaingia.

Ikabaki nafasi ya kugawa mpira. Nafasi yako. Nilifungua daftari, Mwende. Nilikuwa nimeandika kurasa saba za kukutetea, na nikasimama, kwenye chumba cha walimu chenye watu wawili, nikasoma. Nilisoma ile pasi uliyoipeleka nyuma ya mgongo bila kuangalia. Nilisoma jinsi ulivyowapita watatu ukaweka mpira ringini kama unaweka yai. Nikafika pale goti lako lilipoumia, kidato cha tatu, muhula wa pili, na nikaendelea: kwamba mwaka uliofuata ungekuwa umefika timu ya mkoa, kwamba hakuna ambaye angekuweza.

Mama Syombua aliweka kikombe chini. "Mwikali, unampa na ile miaka ambayo hakucheza."

Nikalifunga daftari.

"Mimi Mwende nilimpenda, hata mandazi nilikuwa namwekea. Lakini alicheza mwaka mmoja na nusu. Hizo mechi zingine zote umecheza wewe, hapo kwa kichwa." Akanitazama. "Na Wanza je?"

Jina hilo wewe na mimi hatukuwahi kulitaja kwenye kikosi chochote. Wanza alikuwa kidato cha pili, ndiye aliyeinuka kwenye benchi wewe ukibebwa kutoka uwanjani. Alimaliza mechi hiyo tukashinda, na nafasi yako akakaa nayo mpaka alipomaliza shule. Nilicheza naye miaka miwili. Sikuwahi kumpongeza hata mara moja, kwa ajili yako.

Basi nikaanza kumshambulia. Nikasema Wanza alikuwa mwepesi wa mwili, hafungi, anagawa tu. Na hapo nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Anagawa tu. Mwende, nilishika chaki nikakimbilia ubao. Wanza katikati, Kamene kona, Nduku chini: mpira unafika kila mahali. Wewe katikati, Kamene anakufa njaa, kwa sababu wewe ulipenda kumaliza mwenyewe, na unajua ulipenda. Mwalimu Kioko aliinuka akawa Nduku, akakaba kiti. Mama Syombua akahamisha vikombe ili tusivivunje. Nilikuwa natoka jasho. Kwa mara ya kwanza tangu mitungi ile nilikiona kikosi kikicheza chenyewe, wote watano, wala simsukumi mtu. Nikasema, "Ni Wanza." Nikakaa.

Mwalimu alinihurumia. "Basi Mwende tumwandike kocha. Pale pembeni, kwa herufi ndogo."

"Hapana," nikasema. "Mwende akipewa kitu kwa huruma atakifuta kwa mate."

"Hiyo ni kweli," akasema Mama Syombua. "Huyo alikuwa na maringo yake."

Jumapili baada ya kanisa nilikwenda Kambu, ambako Wanza anauza viatu kando ya barabara kuu. Nilipomwambia, hakufurahi kama nilivyotarajia. Alikaa juu ya gunia na kiatu kimoja mkononi.

"Mwende anajua?"

"Bado."

"Mwambie wewe. Asije akaona kwa picha." Akakigeuza kile kiatu. "Unajua nilikuwa namwomba anibebeshe begi lake, ndio nione anavyofunga kamba? Siku ile nilikuwa kwa benchi naomba Mungu nisiingizwe. Mwikali, niliogopa mpaka nikasahau upande wetu ni upi."

Nikampa mkono. Miaka yote hiyo, ndiyo kwanza nampa mkono.

Njiani kurudi nilielewa jambo ambalo limenifanya niandike. Tangu uende Doha hujazungumza mpira nami. Nikikutumia video ya mechi unaniuliza kama mbuzi wa mama wamepata chanjo. Nikadhani nakulinda. Nikakuwekea nafasi kwenye kila kikosi, mwaka baada ya mwaka, mahali ambapo hakuna anayeruhusiwa kupaza sauti. Nimekutunza kama marehemu, na wewe uko hai, unafanya zamu mbili kwenye hoteli na unanuna ukishindwa. Tangu Jumamosi nakukumbuka vizuri zaidi. Nakumbuka hata makosa yako. Ule mwaka mmoja na nusu uliocheza kweli ni mtamu kuliko yote niliyokuongezea, na sasa naweza kuutazama mpaka mwisho, pamoja na goti, bila kugeuza macho.

Lakini sitaki unikubalie. Mchoraji anakuja Ijumaa, na mpaka aguse brashi kikosi ni maneno tu. Nibishie. Niambie Wanza hakuwa na mkono wa kushoto, nina jibu. Niambie Kavata alikuwa akichoka robo ya tatu. Hapo sina jibu, na nimeogopa kuwaambia wale wawili. Jitetee kwa mechi ulizocheza, moja baada ya nyingine, na ukinishinda nitarudi chumba cha walimu nimfute Wanza ubaoni, halafu niende Kambu nimweleze usoni. Usiposhinda, jina lake litakauka ukutani na utalitazama ukija Desemba. Kwa vyovyote vile, piga simu, na uanze moja kwa moja na mpira.

Ni mimi mdogo wako, niliye tayari kwa ugomvi,
Mwikali