Gari la Kukodi na Jani la Sale

Jumamosi, Kilema

Kumbe namba ya wenye gari nililokodi ilikuwa kwenye barua pepe, na mimi nimeshuka uwanja wa ndege bila bando.

"Mzee, hao hawana ofisi hapa," mlinzi akaniambia. "Wapigie, watakuja."

Niliona aibu kumwomba aniwashie intaneti yake. Nikazunguka maegesho masaa mawili, mwisho nikachukua teksi.

Kaka alikuwa ameita wazee, nimwombe msamaha mbele yao kwa jani la sale, ambalo kwetu ukilitoa mbele ya wazee hunyimwi msamaha, maana nilimtukana kwenye msiba wa mama. Nimefika wameshaondoka.

"Gari la nini?" kaka akauliza. "Ungesema, ningekufuata na pikipiki."

Nakiri, nilitaka kijiji kione nimefanikiwa.

Nimempa sale hivyo hivyo, tukiwa wawili. Hajalipokea. Anasema wazee hataweza kuwaita tena.