Doh ya Wimbo wa Mektilda

S.L.P. 37,
Bariadi.
9 Agosti, 1998

Mpendwa mwanangu Dastan,

Mwangaluka, ng'wanawane. Naanza kwa salamu ya nyumbani, maana nadhani huko Dar es Salaam huisikii mara kwa mara. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe pamoja na mkeo Elina, na kwamba kile kikohozi ulichokitaja kimekwisha kukuachia. Mimi baba yako mkubwa sijambo. Goti la kushoto hulalamika asubuhi, lakini likishapata jua hutii. Uniwie radhi kwa kuchelewa kukujibu, na kwa mwandiko huu ambao siku hizi hutembea kama ng'ombe asiye na mchungaji.

Pamba haikututupa mkono mwaka huu, ingawa mvua zilizidi kiasi. Wanunuzi sasa ni wengi. Kila mmoja amekuja na mizani yake, na mkulima huzunguka na kiroba chake akiuliza mizani ipi inasema kweli. Zamani chama cha ushirika kilikuwa kimoja, nasi tulikilalamikia hicho hicho kimoja. Ndivyo binadamu tulivyo.

Rasimu ya kitabu cha nyimbo uliyomkabidhi dereva wa basi ilinifikia salama, wala haikukunjika hata kona. Nakupongeza kwa dhati. Beti zimepangwa vizuri kuliko nilivyowahi kuzipanga mimi, na juu ya maneno zimekaa zile herufi za kodi, yaani sauti zinazopigwa kwa pamoja, ambazo mpiga kinanda na mpiga gitaa huzifuata. Nilipoona jina la marehemu mama yako mkubwa, Mektilda, chini ya wimbo wake wa shukrani, nilivua miwani nikaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Umeniomba neno langu la mwisho kabla mchapaji hajaanza kazi, na umenionya kwamba kitabu kikishachapwa hakirekebishiki. Neno langu ni hili: usichapishe bado. Nisamehe kwa kulitamka kwa ukavu namna hiyo. Sasa niruhusu nieleze.

Rasimu niliipeleka Shishiyu, kwa ile kwaya ambayo Mektilda aliilea. Wenyewe hawana kinanda, kwa hiyo nilimwomba Joakim, mpiga kinanda wa parokia ya mjini, aje na chake kinachotumia betri. Ni kijana mwenye adabu na vidole vyepesi. Tulianza na wimbo wa Mektilda. Mstari wa kwanza ulikwenda vizuri. Katika mstari wa pili kinanda kikanyamaza, Joakim akaniinulia karatasi.

"Baba Januarius, samahani. H ni kodi gani?"

Malimi, ambaye huimba besi na hupenda kukaa karibu na mlango, akamjibu kabla yangu: "Ni ya kuhema. Baba ametuhurumia, hapo tupumzike."

Kwaya nzima ilicheka, nami nilicheka nao, ingawa nilikwisha kutambua jambo hilo lilikotoka. Padre aliyetufundisha muziki misheni alikuwa Mjerumani. Kwao, sauti ambayo Joakim na wenzake huiita B, jina lake ni H. Nayo B ya kwao ni ile ambayo vijana wetu huiita B flati, yaani B iliyoshushwa kidogo. Nimeandika hivyo tangu nikiwa na kaptula ya shule, na hapa hakuna aliyepata shida, kwa kuwa tulikuwa tukiimba kwa doh, re, mi, na herufi zile nilikuwa nikizisoma peke yangu.

Mashine yako ya kompyuta uliyopangia kitabu haikufunzwa na padre yule. Ulipoiamuru ipandishe wimbo kutoka D hadi F, ilizihamisha D, G na A kwa utii kabisa. Ile H ya maina, kodi yenye sauti ya huzuni, haikuitambua, ikaiacha pale pale, kama kaya iliyohama na kumsahau bibi jikoni. Ilipaswa kuwa D ya maina.

Naomba ulirekebishe jambo hili katika nyimbo zangu zote, ila tafadhali uzingatie utaratibu. Anza na B zangu, uziite B flati. Ukimaliza zote, ndipo uzigeukie H uziite B. Ukitanguliza H, utakuwa na B za namna mbili zisizo na alama, na kuzitenganisha kutakuwa kama kutenganisha ng'ombe wa mazizi mawili waliochangamana usiku. Naamini mashine itaiweza kazi hiyo kwa muda mfupi kuliko ninaotumia mimi kuchonga penseli.

Lakini H siyo sababu ya kukuzuia. Sababu ni F.

Uliniandikia kwamba nyimbo zote umezipandisha ili zichangamke, kwa sababu kwaya za mjini zinazorekodi kaseti huimba juu na kaseti zao zinanunuliwa. Sikulaumu. Soko lina masikio yake. Lakini Joakim alipoipiga hiyo F, na tulipofika kwenye kiitikio, akina mama walianza kutazamana. Sauti zao zilikuwa nyembamba kama uzi uliosokotwa na mtoto. Milembe, ambaye ndiye huanzisha nyimbo tangu Mektilda alipofariki, alishusha karatasi yake.

"Baba," akaniambia kwa upole wake ule, "hii si sauti ya kanisani. Hii ni ya kumwita mchungaji aliye ng'ambo ya mto."

"Na ng'ombe wenyewe wamekimbia," akaongeza Malimi.

Nilisogea mbele yao nikiwa na hakika moyoni. Nilikwisha kuipanga barua hii kichwani: ningekuamuru kwa heshima uirudishe D, kwa sababu D ndiyo niliyoiandika, na ndiyo aliyoiimba mke wangu. Nilitoa mfukoni kile kifilimbi changu cha kupimia sauti, nikapuliza D, nikampa Milembe.

Aliisikiliza mpaka ikaisha. Kisha akanishukuru, "Wabeja, baba. Hiyo ilikuwa ya mayu Mektilda. Mimi naanzia kwangu."

Akaanza. Alianza chini zaidi, mahali ambapo sikupatarajia, na wenzake wakaingia nyuma yake bila kuuliza, kama tunavyofanya siku zote: anayeanzisha ndiye anayeichagua doh, ile sauti ya msingi, na wengine humfuata. Wewe pia ulilelewa katika desturi hiyo, Dastan. Hakuna aliyewahi kumwuliza mwanzilishi kwa nini leo ameanzia pale.

Walipofika kwenye kiitikio, zile sauti zilizokuwa uzi sasa zilikuwa kamba. Joakim aliuacha mkono wake juu ya kinanda bila kubonyeza, akasikiliza tu.

Nami nikakumbuka ile D ilikotoka. Tulikuwa Sola, tukichuma pamba ya shemeji yangu. Mektilda alikuwa mistari kadhaa mbele yangu, khanga kichwani, akauanzisha ule wimbo pasipo kumtazama mtu. Nilitoa kifilimbi, nikapima, nikapata D, nikaiandika jioni ile. Lakini nilimsikia akiuimba miaka yote iliyofuata. Asubuhi za baridi za mwezi wa sita aliuanzia chini. Mavuno yakiwa mema, aliupandisha mpaka mimi ninayeimba teno, sauti ya juu ya wanaume, nikaona taabu. Alipougua aliuimba karibu na ardhi kabisa, nasi tulishuka naye. Mimi nilikuwa nimeiandika siku moja tu ya maisha yake, nikaiita wimbo.

Milembe alipokuwa akiimba, nilikipeleka kifilimbi mdomoni ili nijue amesimama kwenye herufi gani. Kisha nikakirudisha mfukoni bila kukipuliza.

Kwa hiyo sikuombi uirudishe D. Nakuomba hivi. Katika kitabu cha kuchapwa, ondoa herufi za kodi juu ya maneno, uweke nafasi zake kwa kuhesabu kutoka doh: ya kwanza, ya nne, ya tano, na ile ya sita ya maina ambayo ndiyo iliyokuwa H yetu. Mpiga kinanda akishajua doh iko wapi, atazipata mwenyewe. Joakim amenihakikishia hivyo, na hata vijana wa magitaa huulizana kwa namna hiyo. Na juu ya kila wimbo andika neno "Doh", alama ya kuwa sawa, kisha nukta, ili kila kwaya ijaze kwa penseli inavyoweza, na kufuta inapohitaji.

Programu yako usiitupe, nakusihi. Uliniambia hupandisha na kushusha wimbo mzima kwa kubonyeza kitufe kimoja. Hiyo ni kazi njema sana. Anayetaka F kwa ajili ya kaseti umchapie F, naye wa Shishiyu umchapie ya kwake siku akikuomba. Ninalokataa ni kwamba kitufe kibonyezwe Dar es Salaam mara moja kwa niaba ya watu wote.

Ukikubali, mwambie mchapaji aanze. Neno langu la mwisho litakuwa ndiyo, wala huna haja ya kuniuliza tena. Najua utakubali. Baba yako aliyekuzaa, Mungu amrehemu, alikuwa mbishi mpaka alipoelewa, na baada ya hapo hakuhitaji kuambiwa mara ya pili.

Lucy, mjukuu wangu anayenipikia, anakusalimu na kusema kwamba uji haunywewi kwa barua. Ng'washi wa jirani anaulizia afya yako. Joakim anakushukuru kwa maandishi makubwa yanayosomeka hata kwa taa ya chemli. Milembe naye amenituma nikwambie kwamba ukija Krismasi uje na sauti, kinanda cha Joakim utakikuta. Nisalimie Elina kwa heshima zote, na umwombe anisamehe kwa kukushughulisha na mambo ya wazee.

Mungu aliyempa kila kiumbe sauti ya kimo chake aikinge nyumba yenu, na awape usingizi mwema huko kwenye joto.

Nami nabaki baba yako akupendaye na kukuombea,

Januarius Maganga

N.B. Nimesahau jambo moja, uniwie radhi. Mchapaji akikwambia kwamba zile nukta juu ya wimbo wa Mektilda zinaonekana kama kazi isiyomalizika, mwambie ndivyo ilivyo. Asizijaze.