Mbegu Ulizozikausha, Mama

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Dada na wanawe hawajambo? Mimi mwili mzima. Roho ndiyo inayochemka.

Miezi minne, Mama! Miezi minne nasaga mbegu zako za mlonge maabara, nazichuja nipate protini yake, naiweka kwenye visahani vyenye bakteria wa vidonda. Ilitakiwa wafe, pabaki duara tupu. Wapi! Walinawiri utadhani nimewapikia. Hata ile dawa ya zambarau, inayogeuka njano protini ikiwa na nguvu ya kuukinga mwili usichakae, ilibaki zambarau ile ile. Msimamizi wangu, tunayemwita Bwana Rudia, kila nikimpelekea majibu aliniambia nirudie. Mwishowe hata yeye akachoka: akanipa wiki tatu, la sivyo utafiti unafungwa na shahada niisahau.

Ndipo dada akapiga simu kulalamika kwamba moshi wa mbegu zangu unamtoa machozi. Nikauliza, moshi gani tena? Kumbe unazikaanga! Nilipokuuliza ukanijibu bila wasiwasi kwamba mwenyewe nilisema zikaushwe vizuri, na wewe kitu kinachobunguliwa hukiachii jua peke yake. Jamani, Mama! Protini ikishapata moto ni kama yai la kuchemsha, halirudi kuwa bichi. Sikujua nicheke au nilie.

Dada akanitumia mbichi. Juzi nimefunua kisahani, duara hilo hapo, pana kama kifungo cha koti. Na ya zambarau ikawa njano. Bwana Rudia alitazama weee, kisha akaniuliza jina la mwenye mbegu, aandikwe kwenye ukurasa wa shukrani.

Hapo nikakwama. Siku ya kwanza aliponiuliza mbegu nimezitoa wapi, wenzangu walikuwepo, nikaona haya kusema ni za mama yangu anayetibu watu kwa majani uani. Nilisema, "Ni za mwanamke mmoja wa sokoni, simfahamu."

Muda wote huu nakugombeza kwa kikaango, na mimi nilishakukana.

Leo asubuhi nimemwambia ukweli. Akauliza kwa nini nilidanganya. Nikauomba ule ukurasa. Jina lako nimeliandika mwenyewe, majina yote matatu. Kama hutaki likae karibu na langu, niambie nilifute. Sitakulaumu.

Nisalimie dada, na umwambie pole kwa moshi.

Ni mimi mwanao, mwenye aibu,
Kitindamimba