Minyoo ya Sungura na Mtalaka wa Mume Wangu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua. Shemeji naye hajambo? Sisi huku tu wazima, ukiwatoa sungura, na ukinitoa mimi, maana nina wivu mpaka chakula hakipiti.

Uliniuliza kwenye simu mbona sauti yangu kavu. Mume wangu alikuwa karibu, sikuweza kusema. Unajua kwamba mtalaka wake, mama wa binti yetu huyu wa miaka tisa, ni daktari wa mifugo. Kazi yake ni ya kuzunguka mashambani, ndiyo maana mtoto anakaa nasi, na yeye hapa alikuwa haonekani ila kwa nadra. Basi sungura wa mtoto wakaanza kukonda na kujikuna mkiani, na kwenye kinyesi tukaona vitu vyeupe kama nyuzi. Minyoo. Mume wangu akasema hakuna haja ya kutafuta mtu wa nje wakati daktari tunaye. Tunaye! Neno hilo nililimeza kama mfupa.

Akaja na mabuti yake, ananukia vizuri kwa mtu anayeshinda na ng'ombe. Akawanywesha dawa, akatuagiza tutupe nyasi zote za kulalia na tusugue banda kwa maji ya moto. Alieleza kwamba mayai ya minyoo hubaki kwenye uchafu, na sungura akiulamba, ugonjwa unarudi palepale. Mtoto alimsikiliza mdomo wazi. Mume wangu naye alisikiliza, na mimi nikawa namtazama anavyosikiliza.

Wakapona. Baada ya wiki chache nyuzi zikarudi, na yeye akarudi. Wakapona tena, zikarudi tena. Dada, wahenga walisema mtalaka hatongozwi. Nikaanza kuamini anawapa dawa nusu ili apate njia. Anacheka sebuleni kwangu, anajua vijiko viko droo ipi, anamwita mume wangu kwa jina la utani ambalo mimi sijawahi kuthubutu kulitaja. Na mtoto, ambaye nimemsuka nywele mwaka mzima na bado ananiita anti, siku hizo habanduki ubavuni kwa mama yake. Hilo liliniuma kuliko la mume.

Nikaapa kumkata mguu yule mama, asije tena kwangu. Nikalichukua banda mikononi mwangu: maji ya moto, brashi, sabuni, nyasi mpya nilizoanika mwenyewe juani, mpaka vidole vikababuka. Mume wangu akanitania kwamba hata yeye hajawahi kusafishiwa chumba namna hiyo. Sikucheka. Nilijiambia kwamba safari hii minyoo ikirudi, nitamwambia yule bibi mbele ya watu kuwa dawa zake ni maji matupu.

Juzi nilikuwa naanika nguo nyuma ya nyumba. Nikamwona mtoto anatoka kwenye shimo la taka amekumbatia nyasi chafu, zilezile nilizozitupa, anazisindilia bandani chini ya zile safi. Nikamshika mkono. Hakukimbia. Akaniambia taratibu, kama anayemfundisha mtu mzito wa kuelewa, kwamba wakipona mama haji.

Kisha akalia. Akaniomba nisimseme kwa baba yake, kwamba sungura anawapenda na anajua anawakosea. Nilimkumbatia, dada, na huruma nilimwonea kweli. Lakini kabla ya huruma, kilichonipanda kifuani kilikuwa wivu, mkali kuliko ule wote wa mwanzo. Hakuna mtu aliyewahi kunitamani mimi hivyo.

Zile nyasi tulizichoma pamoja. Jana nikampigia simu mama yake, nikamwomba awe anakuja kila Jumamosi, sungura wakiwa wazima. Akasema alikuwa anatamani siku zote, ila alidhani mimi sipendi aje, kwa hiyo alikuwa anangoja aitwe.

Nikamwambia alinidhania vibaya. Wala hakunidhania vibaya, dada, na Jumamosi ni kesho.

Nisalimie shemeji na watoto, na mgongo uukande kwa maji ya uvuguvugu. Mimi niombee moyo mpana.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba