Kishikwambi na Masikio ya Mama

Mkwatani, Kilosa
Agosti 2024

Kwa mpendwa kaka yangu Cleopa,

Shikamoo kaka. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima huko Kahama, na kile kikohozi cha vumbi la mgodini ulichokuja nacho Pasaka kiwe kimeshakuachia. Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri, analala vizuri, na asubuhi hii ameniacha kitandani akaenda bondeni kumwagilia nyanya zake. Shemeji yako Donati bado yuko Mikumi na gari lake la kuwapeleka wageni mbugani. Anakusalimu sana, na anasema ukipita tena Mikumi bila kushuka kumsalimia, atakushitaki kwa wazee.

Kaka, nina habari nyingi, na sijui nishike ipi niache ipi. Nianze na kishikwambi, maana ndiko zilikoanzia zote. Unakikumbuka, kile tulichogawiwa walimu baada ya sensa. Kwa muda mrefu nilikitumia kujaza taarifa za wanafunzi tu, kisha nakifunga kwenye kitambaa na kukirudisha kabatini pamoja na sahani za wageni. Mwaka huu udadisi ukanishika. Nikampelekea Yassin, yule fundi simu wa karibu na stendi, nikamwuliza kama kuna jambo jingine la maana ambalo kifaa kile kinaweza kufanya. Alikigeuza mkononi, akacheka. "Mwalimu," akasema, "umefuga ng'ombe wa maziwa halafu unambebesha kuni." Akaniwekea programu kadhaa za bure. Akanionya nisipakue kila ninachokutana nacho, na programu yoyote ikiniomba namba ya siri niifute hapo hapo.

Ya kwanza iliyotushangaza ni ya mimea. Unalipiga picha jani lenye madoa, nayo inakwambia mmea unaumwa nini na uufanyeje. Nilidhani ni mchezo wa watoto. Lakini ilipolitazama jani la nyanya la mama, ilisema ni ukungu, tung'oe miche iliyoshikwa na tuache kumwagia maji juu ya majani. Bwana shamba naye alipopita akasema vilevile. Basi tangu hapo mama hakunipa nafasi. Akataka tupige picha mchicha, magugu, majani ya mlonge wa jirani, hata ua lililochorwa kwenye kitenge chake. Programu ikamjibu bila haya kwamba lile ni waridi, lipandwe penye jua la kutosha. Mama alijitazama kiunoni, akasema jua analipata la kutosha, labda ndiyo sababu kitenge kimepauka.

Programu ya pili ndiyo iliyoleta makubwa. Hii husikiliza watu wakizungumza na kuandika maneno yao kwenye kioo, kwa Kiswahili, papo kwa papo, herufi kubwa kama za ubaoni. Mimi niliitaka kwa ajili ya kuandalia masomo, nizungumze nayo iniandikie. Jumamosi moja niliiacha wazi mezani, na jirani yetu Hildegarda akaja kutusimulia jinsi mume wake alivyonunua mbuzi Kimamba, mbuzi akamponyoka njiani, na mzee alipofika nyumbani amechoka kwa kumtafuta akamkuta mbuzi yuko uani anakula ufagio. Tulicheka sana. Tulipokwisha kucheka na kunyamaza, mama naye akaangua kicheko, peke yake. Nikageuka. Alikuwa ameinamia kishikwambi, anasoma, kidole kinafuata maneno kama afanyavyo na Biblia yake.

Hildegarda alipoondoka, nilikisogeza kishikwambi nikasema polepole, "Mama, kwani husikii?" Maneno yakatokea. Mama aliyasoma, kaka, nami nikaogopa kwamba nimemkosea adabu. Kisha akanijibu, "Sauti nazisikia. Maneno ndiyo yanapotea njiani."

Na sisi tulisema nini juu yake miaka hii? Wewe ulisema amekuwa mkali. Mimi nilisema uzee. Watu wa mtaani walisema ana majivuno, kwa sababu vijana walikuwa wanamwamkia naye anapita bila kuitikia. Kwa mtu wa umri wake, kupitwa na shikamoo bila kusema marahaba ni kama kumtemea mtoto wa watu mate. Yeye anasema aliona aibu kuuliza mara mbili mbili, akaona afadhali adhaniwe ana kiburi kuliko kudhaniwa amepungukiwa akili. Kwa hiyo akawa anatikisa kichwa na kusema sawa, sawa, kwa kila jambo.

Hapa, kaka, nakuomba ukae chini kama umesimama. Pasaka ulipomweleza mama habari za Grace, kwamba umepata mchumba na unaomba baraka zake, naye akasema sawa kisha akaendelea kupukuchua mahindi, wewe uliondoka kesho yake na moyo mzito. Uliniambia mama amemkataa binti hata kabla hajamwona. Mama hakusikia hata neno moja. Nilipomwambia kupitia kishikwambi, alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Akauliza, "Grace ni nani?" Nilipomweleza, alikasirika kweli kweli, lakini alijikasirikia mwenyewe. Akataka kujua Grace ni mtoto wa nani, anasali wapi, anajua kupika nini, na kwa nini mpaka leo hajaletwa hapa nyumbani. Kwa hiyo usiseme tena kwamba umekataliwa. Unasubiriwa.

Siku hizi mama anatembea na kishikwambi kwenye mkoba wa kushona, amekining'iniza kifuani. Watoto wanapomwamkia, maneno yanachelewa kidogo, kwa hiyo utamsikia akiitikia marahaba kwa sauti kubwa wakati wenyewe wameshafika mbali, nao wanageuka na kumpungia mkono. Kanisani anafuata mahubiri yote, na ameanza kusema kwamba mchungaji anarudia rudia. Ana udadisi usio na mwisho. Alikitega kwenye banda la kuku aone jogoo ataandikwaje. Akakitega kwenye mvua. Alipokijaribu kwa Kikaguru, akasali sala nzima ya asubuhi, kikamwandikia kwa Kiswahili habari ya tumbili na baiskeli. Mama alisema ni sawa tu, Mungu hakihitaji kile kioo.

Basi mwezi wa sita, shule zilipofungwa, nilimpeleka Mikumi kwa Donati akapumzike. Kabla ya safari Yassin aliniwekea programu nyingine, ya ndege. Unakiweka kifaa nje, kinasikiliza, na kila ndege anapolia kinaonyesha jina na picha yake. Asubuhi tuliketi watatu nyuma ya chumba cha Donati, pale penye uwazi unaotazama milima, tukakiweka juu ya ndoo. Picha zikaanza kutokea. Njiwa, nikamsikia. Kunguru, nikamsikia. Kisha akatokea kandege kadogo kenye mdomo mwembamba uliopinda, chozi, yule anayefyonza maua. Picha yake ikawa inawaka, inazima, inawaka. Mimi nikasema programu hii inadanganya, hapa hakuna chozi.

Donati akanitazama. "Si huyo anapiga kelele hapo juu ya kichwa chako?"

Nikainua uso. Alikuwa kwenye tawi, karibu kabisa, nadhani ningenyoosha mkono ningemgusa. Nikamwona mdomo unafunguka na koo linatetemeka. Sikusikia kitu, kaka. Nilidhani upepo unaipeleka sauti yake kwingine, nikasogea. Donati akasema ndege huyo ameimba tangu tulipoketi. Mama alikuwa anasoma kila neno letu kwenye simu ya Donati, ambayo nayo tuliiwekea programu ile ya kuandika. Alinishika mkono tu, akaendelea kuushika.

Ndiyo habari niliyokuwa naizungukia tangu mwanzo wa barua. Masikio yangu yanafuata ya mama. Nilirudi Kilosa nikamwomba Yassin programu ya kupima usikivu. Unavaa visikilizi masikioni, zinalia sauti ndogo ndogo, nyingine nzito nyingine nyembamba, unabonyeza kila unaposikia. Nzito nilizipata. Nyembamba ziliponikuta nilikaa na kidole hewani, nasubiri, mpaka kioo kikaandika kwamba kipimo kimekwisha. Yassin alisema programu haimtibu mtu wala si daktari, niende hospitali. Nikaenda Morogoro na Donati na mama. Daktari akatupima mmoja mmoja kwenye chumba kilichofungwa, akathibitisha. Ni mishipa ya ndani, na katika baadhi ya familia hurithiwa. Hautakuwa ukimya wa ghafla. Kuna vifaa vidogo vya kuvaa sikioni, na ameshatuandikisha mimi na mama.

Sasa umejua kwa nini nimekuandikia kwa kalamu. Kwenye simu sauti yako naipata nusu, na nusu nyingine naikisia, ndiyo maana nilikuwa nakukatisha na kusema mtandao mbovu. Mtandao wa Kilosa hauna kosa. Niliogopa kukueleza jambo hili halafu nisisikie utakavyonijibu.

Niliogopa na kazi pia. Mwalimu asiyemsikia mtoto wa dawati la nyuma ni mwalimu gani? Nilimficha mwalimu mkuu kwa muda, kisha nikaona naanza kusema sawa, sawa darasani kama mama. Nikamwendea. Amenihamishia darasa la upande wa bustani, mbali na barabara. Watoto nimewaambia ukweli. Nimewafundisha wasimame, wanitazame, ndipo waseme. Unajua nilichogundua? Wale waliokuwa wananong'ona majibu kwa woga sasa wanayasema wazi, kwa sababu wanajua nayahitaji.

Kaka, daktari amesema na ndugu wapimwe. Na wewe unafanya kazi kwenye mashine zinazonguruma mchana kutwa. Usinijibu kwamba uko sawa. Mimi nilikuwa nabisha hivyo hivyo, ndege akiwa juu ya kichwa changu. Nenda hospitali huko Kahama, na ukiwa mashineni vaa vile vizibo vya masikio, usiviache mfukoni.

Nilipomweleza mama kwamba nakuandikia, alikuwa anachambua mboga. Nilimwuliza ana ujumbe gani. Akaniambia niandike kama anavyosema, nisipambe. Amesema hivi: "Mwambie mwanangu asiende kupimwa peke yake. Aende na Grace. Mimi niliingia kwenye ukimya peke yangu nikidhani nawapunguzia mzigo, kumbe nilikuwa nawanyima mama. Huyo binti aanze kuzoea kumtazama usoni anaposema naye, na yeye amtazame. Hizo ndizo baraka zangu. Safari hii nimezitoa kwa sauti, na wewe Upendo umezisikia."

Nimezisikia, kaka, kila neno, kwa masikio yangu mwenyewe.

Msalimie sana Grace, mwambie mawifi na wakwe zake wa Kilosa wanamngoja kwa hamu. Wasalimie na wenzako wote wa kambini. Hildegarda anakusalimu, na mume wake pia, na mbuzi wao yu hai. Mungu akulinde, akupe afya, na akurudishe kwetu salama.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Upendo